Mzee na Mtu wa Kutuma: Mafunzo ya Kumbukumbu kutoka Newala na Masasi

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na kwa kipimo hicho sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni 2.5 nchini Tanzania, yaani asilimia 5.6 ya watu wote. Kipimo cha umri kinafaa kwa kuhesabu na kupangia bajeti, lakini hakielezi namna siku ya mzee inavyokwenda tangu kukucha hadi kuchwa. Katika vijiji vya Newala na Masasi, mkoani Mtwara, wazee wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kuishi maisha yasiyofanana hata kidogo, na tofauti yao mara nyingi hutokana na mambo mawili: umbali uliopo kati ya mlango wa nyumba na maji, dawa au fedha, na kuwapo au kutokuwapo kwa mtu wa kutuma. Mtu wa kutuma, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mjukuu, mtoto, mpwa au jirani anayeweza kuitwa akaitika, akapewa ndoo, kadi au noti ya shilingi, akaenda na kurudi. Hoja ya insha hii ni kwamba huduma nyingi zilizopelekwa kwa wazee wa uwanda wa Makonde, za zamani na za sasa, zimepangwa kana kwamba kila mzee anaye mtu huyo, na kwamba kijiji huanza kumfaa mzee pale tu kinapomfikiria yule asiye naye.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee uliotokana na mazungumzo na wazee wa miji 33 ya nchi mbalimbali, na humo yakatajwa maeneo manane ya kuangaliwa: mazingira ya nje na majengo, usafiri, makazi, ushiriki katika shughuli za jamii, heshima, kazi na uraia, upashanaji habari, na huduma za afya pamoja na msaada wa jamii. Orodha hiyo ni nzuri, ila inatanguliza njia za waendao kwa miguu, mabasi na majengo kwa sababu iliandaliwa kwa kuitazama miji. Mtu anayeisoma akiwa Newala atagundua kwamba heshima, ambayo katika nchi nyingine hulazimika kufundishwa upya, huko haina upungufu mkubwa, kwa kuwa mzee huamkiwa shikamoo na kila apitaye na hupewa kiti kabla hajakitafuta. Kinachopungua ni maji, na maji hayamo katika orodha ile kama jambo la kujitegemea.

Maji na miteremko

Uwanda wa Makonde ni nchi ya juu iliyo tambarare, inayoinuka polepole kutoka upande wa pwani na kukatika ghafla upande wa magharibi, ambako mji wa Newala umekaa ukingoni ukilitazama bonde la Mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake, ilhali Masasi iko chini ya uwanda, magharibi zaidi, katikati ya milima ya mawe matupu. Udongo wa uwandani ni wa kichanga na huyanywa maji ya mvua mara yanapoanguka, kwa hiyo huko juu hakuna mito, na maji hutokeza chini kabisa, kwenye vitako vya miteremko. Wenyeji wa karne ya 19 walichagua kukaa juu kwa sababu vichaka vizito vya uwandani viliwakinga na wavamizi na wafanyabiashara ya watumwa, na usalama huo waliulipia kwa miguu, kwa kuteremka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 kuchunguza maisha na mila za wenyeji, aliikuta hali hiyo, na kwa sehemu kubwa ndiyo waliyokulia watu ambao leo wanaitwa wazee.

Mwandishi wa insha hii alilelewa na bibi mzaa mama katika kijiji kisicho mbali na Newala, ndani ya nyumba ambamo maji yalipimwa kwa kata, na maji yaliyooshea mboga yalitumika tena kunawia miguu kabla ya kumwagwa kwenye shina la mpapai. Bibi alikuwa amekwisha kuacha kuteremka bondeni, lakini hakukosa maji, maana wajukuu walitumwa alfajiri kabla ya kwenda shule. Aliyekosa alikuwa jirani yake, mwanamke mzee aliyevaa ndonya, yaani kipande cha mti kinachopachikwa katika mdomo wa juu kama pambo la wanawake wa Kimakonde wa kizazi kile, ambaye watoto wake walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kazi. Jioni alikuja na kibuyu kidogo, akakaa barazani, akazungumza habari za shamba na za wagonjwa, na hakuomba chochote. Na bibi naye, bila kukatiza mazungumzo, aliagiza kibuyu kichukuliwe ndani kikajazwe. Adabu ya pande zote mbili ilihifadhiwa, lakini kibuyu kile kilitosha usiku mmoja tu, na siku ambazo wajukuu waliumwa au mtungi ulivunjika njiani, kilirudi na maji ya kulowesha koo. Ujirani wa namna hiyo ni wa thamani kubwa, ila una mpaka ulio wazi, kwamba humfikia mzee kwa kiasi cha kilichobaki, nao wenye kutoa si lazima wawe na ziada.

Serikali ya kikoloni ililitambua tatizo la maji ya uwandani katika miaka ya 1950, likaanzishwa Shirika la Maji la Makonde lililosukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni hadi kwenye matangi ya juu, na kuanzia miaka ya 1970 misaada ya Finland ikaongeza miradi katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mpaka leo chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, ndicho kinachotegemewa na sehemu kubwa ya uwanda, wakati Masasi na Nachingwea zinapata maji ya Mbwinji, karibu na Ndanda. Kusukuma maji kwenda juu kunahitaji nishati na mitambo mizima, kwa hiyo mtambo unapoharibika au umeme unapokatika, uwanda wote hurudi katika hali ya zamani kwa siku kadhaa. Hata bomba linapotoa, bado kuna safari ya kwenda kituo cha kuchotea na kusubiri zamu, kisha kubeba ndoo ya lita 20 ambayo mtu wa miaka 75 hawezi kuitwisha mwenyewe. Vijana hufunga madumu kwenye baiskeli au pikipiki na kuyauza mlangoni, na bei ya dumu lililoletwa ni kubwa kuliko ya dumu lililochotwa, jambo linalomaanisha kwamba asiye na mtu wa kutuma hununua maji kwa bei ya juu kuliko jirani yake mwenye wajukuu.

Njia iliyopunguza sana utegemezi huo haikutoka kwa shirika lolote kubwa. Ni kisima cha kuvunia maji ya mvua, yaani shimo lililojengwa kwa saruji kando ya nyumba na kuelekezewa mfereji wa paa la bati, ambalo hujazwa na msimu mmoja wa mvua wa Kusini, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Mzee mwenye kisima hicho huchota kwa kopo na kamba, kidogo kidogo, kwa kadiri ya nguvu zake na kwa saa anayotaka. Tatizo ni kwamba kisima kinahitaji bati, na bati hununuliwa kwa fedha za korosho, kwa hiyo mzee anayekaa chini ya paa la nyasi, ambaye ndiye mhitaji zaidi, mvua inampita juu ya kichwa bila kumwachia akiba.

Mikorosho kama akiba ya uzee

Watu waliozaliwa kabla ya uhuru walipanda mikorosho kwa nia iliyofanana na ya mtu anayejiwekea pensheni, kwa sababu mkorosho ukishakua huendelea kuzaa kwa miongo mingi. Akiba hiyo ilitikiswa mapema. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu mahali pamoja ili wapate shule, zahanati na maji, na ni kweli kwamba huduma hizo zilisogea, lakini mikorosho ilibaki kule kule kwenye mahame, yaani makazi yaliyoachwa, na palizi ikawa safari. Uzalishaji wa korosho wa taifa, uliofikia kama tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ulianguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni umbali huo, bei ndogo, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga. Kilichojitokeza hapo ni kwamba kumsogezea mzee huduma huku akisogezwa mbali na riziki yake ni kumpa kwa mkono mmoja na kumpokonya kwa mwingine.

Mikorosho ilifufuka baadaye, ila imekuwa zao linalodai nguvu. Shamba lazima lipaliliwe kabla ya msimu, maua yapulizwe salfa kwa mashine inayobebwa mgongoni, na korosho ziokotwe, zikaushwe na kufikishwa katika ghala la chama cha msingi cha ushirika. Mzee asiye na mtu wa kutuma humwachia mwingine shamba kwa kugawana mavuno, au huweka mikorosho rehani kwa msimu mmoja na kujikuta amefunga misimu mitatu. Wengine huangukia katika kangomba, biashara iliyopigwa marufuku ambayo mnunuzi hutoa fedha kidogo wakati wa njaa, kabla ya mavuno, kisha hudai korosho kwa kipimo chake msimu unapofika. Wanaoingia humo hulaumiwa mikutanoni kwa kukosa subira, lakini ni vigumu kwa mtu wa miaka 70 mwenye presha kusubiri hadi Oktoba wakati dawa zimekwisha Juni.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu kama TANECU, kinachohudumia Newala na Tandahimba, na MAMCU, kinachohudumia Masasi na Mtwara, ulianza mwaka 2007 na umewapa wakulima bei iliyo wazi kuliko zamani. Hata hivyo, malipo yalipoelekezwa benki, mzee alilazimika kwenda mjini, kupanga foleni na kukumbuka namba ya siri, na wengi wakaishia kumkabidhi mjukuu kadi pamoja na namba yenyewe. Wapo wajukuu waaminifu, na wapo waliorudi na pungufu, na mzee aliyepunjwa mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa akimshitaki yule mjukuu atabaki bila wa kumtuma kesho.

Jando, unyago na nafasi ya mzee

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa eneo hili hufuata ukoo wa upande wa mama, na kwa mila hiyo mjomba, yaani kaka wa mama, alikuwa na sauti juu ya wapwa zake kuliko baba yao. Utaratibu huo ulimjengea mzee nafasi mbili: mwanaume aliheshimiwa kama mjomba hata kama hakuwa na watoto wake, na mwanamke alizeeka karibu na binti zake na watoto wao. Jando na unyago, mafunzo ya kuwaingiza vijana katika utu uzima, vilihitaji wazee wa kuelekeza, makungwi wa kufundisha na wajuzi wa nyimbo, na waliofanya kazi hiyo walipewa chakula, nguo na fedha. Nguvu ya taasisi hizo ilionekana pale Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alipoona ni busara kuziingiza katika mafunzo ya Kikristo badala ya kupambana nazo.

Siku hizi tohara ya wavulana hufanyika pia hospitalini, na sherehe hupangwa kufuata likizo za shule, kwa hiyo sehemu ya kazi ya wazee imepungua. Si kila kilichofundishwa zamani kinafaa kurudishwa, hasa yale yaliyowaharakisha wasichana kuolewa, lakini haifuati kwamba nafasi ya mwalimu nayo ife. Kule ambako makungwi wameshirikishwa kuwaeleza wasichana umuhimu wa kumaliza shule, mzee amebaki na neno linalosikilizwa na asante inayomfikia mkononi. Mzee anayehitajiwa na vijana hupata mtu wa kutuma bila kuomba. Asiyehitajiwa hutegemea huruma, na huruma hupungua kadiri vijana wanavyohamia Dar es Salaam, kama walivyohama watu wa Kusini kwa vizazi kadhaa, tangu enzi za manamba wa mashamba ya mkonge.

Hospitali, nauli na dirisha

Kwa habari ya matibabu, eneo hili halikuanza nyuma. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906, na Leader Stirling, daktari mpasuaji wa Kiingereza aliyefanya kazi Lulindi kuanzia miaka ya 1930, alikuja kuwa waziri wa afya wa Tanzania huru. Hospitali za Ndanda, Mkomaindo ya Masasi na ile ya Newala zinajulikana na kila mzee. Sera inaagiza kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na katika vituo vingi lipo dirisha lao pamoja na tangazo la kumpisha mzee kwanza.

Msamaha huo huishia dirishani. Ili kuupata, mzee anahitaji kitambulisho, na kitambulisho kinahitaji kumwona mtendaji wa kijiji, kupigwa picha na kurudi siku nyingine kukichukua. Akisha kuwa nacho, analipa nauli ya bodaboda, akikaa upande upande na mkongojo mapajani kwenye barabara ya mchanga ambamo pikipiki huteleza hata mikononi mwa dereva mzoefu. Akiandikiwa dawa ambayo haipo, huelekezwa duka la dawa, ambako hakuna msamaha. Kliniki za presha na kisukari huwa na siku zake hospitalini, siku ya fedha huwa nyingine, na siku ya kuhakiki majina ya wanufaika wa TASAF, mfuko wa kunusuru kaya maskini, huwa nyingine tena, na kila moja ina nauli yake. Mtoto wa jicho, ukungu unaotanda katika lenzi ya jicho na kuondolewa kwa upasuaji mfupi, huwaacha wengine gizani kwa miaka, kwa sababu hakuna wa kuwashika mkono kwenda na kurudi.

Mafunzo

Somo la kwanza linahusu fedha. Mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee lilianza huko Nshamba, wilayani Muleba, kuwapa pensheni ndogo wazee waliokuwa wakilea wajukuu yatima wa UKIMWI, na fedha hiyo ikaonekana katika mahitaji ya kila siku kama chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Tanzania Bara haijawa na pensheni ya namna hiyo kwa wote. Faida ya fedha ya kila mwezi kwa mzee wa Newala ingekuwa pana kuliko thamani yake dukani, maana mwenye shilingi elfu moja mkononi anaweza kumtuma kijana asiye ndugu yake na kumlipa, na hivyo kuacha kumtegemea mjukuu mmoja ambaye hawezi kumkosoa.

Somo la pili linahusu mpangilio, nalo halihitaji fedha nyingi. Kitongoji, ambacho ni sehemu ndogo kabisa ya utawala wa kijiji, kinawajua wazee wake kwa majina, na mwenyekiti wake anaweza kutaja bila daftari nani anaishi peke yake. Majina hayo yakiandikwa, siku moja ya mwezi inaweza kutengwa kijijini ambapo mganga wa zahanati anapima presha, wakala wa benki analipa fedha na mtendaji anapiga picha za vitambulisho, ili mzee atoke nyumbani mara moja badala ya mara nne. Vituo vya maji vinaweza kuwekewa jiwe la kutulizia ndoo kwa urefu wa kiuno na kuruhusu ndoo za lita 10 zisizopangishwa foleni. Vyama vya msingi vya ushirika, vinavyogawa salfa na kujua shamba la kila mwanachama, vinaweza kuunda vikundi vya vijana vya kupalilia na kupuliza mashamba ya wazee kwa mkataba ulioandikwa, unaokatwa kwenye mauzo, na hapo kangomba ingekosa wateja wake wa uhakika. Mabaraza ya wazee, ambayo mara nyingi hukaliwa na wanaume waliostaafu kazi za ofisini, yanapaswa kuwaingiza wanawake wanaobeba maji, kwa kuwa ndio wanaojua mahali njia inapokatikia.

Somo la tatu ni la haki, na linazihusu halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hakuna fungu lililotajwa kwa jina la wazee. Wakati huohuo, katika halmashauri za Newala na Masasi mapato hayo hutoka kwa kiasi kikubwa katika ushuru wa korosho, na sehemu ya korosho hizo huangushwa na miti iliyopandwa na watu ambao sasa hawawezi kuifikia. Halmashauri ikiamua kutumia sehemu ndogo ya ushuru huo kuezeka bati na kujenga kisima cha mvua katika nyumba ya kila mzee anayeishi peke yake, itakuwa imelipa deni kwa waliotangulia kuipa mapato, na hesabu ya deni hilo inaweza kuanza kufanywa katika kikao kijacho cha bajeti.